Daftari la Saa za Baridi

Baba aliniachia ekari sita chini ya mlima Vermio,
mifyulisi mia tano na kumi,
trekta linalokohoa,
na daftari la jalada la buluu linalonuka mafuta ya taa.

Ndani yake hamna wosia.
Mna saa tu.
Novemba, thelathini na nane. Desemba, mia mbili na sita.
Saa ambazo zebaki ilishuka chini ya digrii saba
ikakaa hapo kama mgeni mwenye adabu.

"Mti haulali bure, Evanthia,"
aliniambia, mkasi wa kupogolea kwapani, pua nyekundu.
"Majani yakipukutika, tumba hufunga mlango kwa ndani
na kuanza kuhesabu.
Kila saa ya baridi, komeo linalegea kidogo.
Hesabu ikitimia, ndipo husikia joto likibisha.
Isipotimia, jua hata lije na tarumbeta, halifunguliwi."

Nilikuwa na miaka tisa. Usiku nilitoka na tochi
nikategesha sikio kwenye tawi
nisikie mia nne na moja, mia nne na mbili.
Nilisikia meno yangu.

Msimu huu baridi haikufika kwetu.
Labda ilipotea kwenye njia panda ya Naousa.
Krismasi tulikula uani, mikono wazi,
na dada yangu Fotini akapiga simu kutoka Thesaloniki
kushangilia bili yake ya gesi.
Nilimpongeza.
Kisha nikasimama kati ya miti nikiomba
kile ambacho mji mzima unakikimbia:
njoo, baridi, niume vidole.

Haba na haba hujaza kibaba, wamesema.
Nikazijaza haba zangu kila asubuhi kwa penseli:
nne, tatu, sufuri, sufuri, mbili.
Februari ikaisha kibaba kikiwa mia tano na tisini.
Aina yetu hudai mia nane na hamsini,
na miti haikopeshi.

Ajabu ni kwamba baridi hiyo hiyo tunayoisujudia Januari
Machi hutunyonga.
Kuna mwaka mmoja hesabu ilitimia mapema,
Februari ikajipaka jua, miti ikaamini,
bonde likawaka waridi hadi mto Aliakmonas.
Kisha sakitu, usiku mmoja.
Tulichoma majani makavu na matairi mpaka alfajiri.
Baba alipasua ua moja kwa ukucha,
akanionyesha kitovu cheusi,
akaenda kunawa uso kwa muda mrefu mno.

Mwaka huu hakuna cha kuua.
Mti mmoja umechanua upande mmoja tu,
kama mtu aliyefumbua jicho la kulia.
Mwingine umetoa maua saba. Niliyahesabu mara mbili.
Matumba yaliyobaki yanadondoka yakiwa yamefumba,
nikiyakanyaga yanalia kama maganda ya karanga.
Nyuki wa Thrasivoulos walizunguka, wakarudi bila chavua.
Alikuja kuniomba radhi,
kana kwamba kosa lilikuwa la nyuki.

Pantelis wa ushirika naye alikuja na kompyuta yake.
Kuna aina mpya, alisema, zinatosheka na saa mia tatu.
Ng'oa hizi. Au panda makomamanga.
Huenda kweli. Nilimpa kahawa.

Jioni niliteremka hadi mwisho wa shamba, kwenye mtaro,
mahali baba alipopaita shimo la barafu na kupalaani,
ambapo ukungu hulala hadi saa tano
na kivuli cha kilima huliiba jua mapema.
Sijapogoa kule miaka mitatu.

Miti kumi na mmoja.
Imechanua yote, kila tawi, hadi vidoleni,
waridi dhidi ya matope.

Nikatafuta penseli. Daftari halina safu ya jambo hili,
nikaandika pembeni: shimoni, kumi na mmoja.

Kisha nikatazama angani.
Hakuna wingu hata moja.
Machi imebakiza siku tisa.